Esansi Ikifurika Kwenye Kabureta: Tuangalie Kwanza, Tununue Baadaye



Wiki hii tunaingia kwenye jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia wanaume: kabureta, ile mafundi wetu wanayoiita karbirateri. Kisa chake ni hiki. Vikundi vyetu vingi sasa vina mashini. Kimoja kina jenereta ndogo ya kuchajia simu na kunyolea nywele, kingine kina pampu ya maji, kingine kina pikipiki ya kupeleka maharagwe na jibini sokoni. Mashini hizi zimenunuliwa kwa pesa tuliyoiweka franki kwa franki ndani ya sanduku la AVEC. Zikiharibika, si chuma peke yake kinachoharibika.

Tunakijua kikundi kimoja upande wa Masisi ambacho jenereta yake ilianza kutoa esansi chini, tone kwa tone. Fundi akasema kabureta imekufa, wanunue mpya. Wakanunua. Baada ya wiki mbili mpya nayo ikatoa esansi vilevile. Wamama wakaanza kuulizana: pesa ilikwenda kweli kwenye kabureta, au ilikwenda pengine? Mweka hazina alionyesha risiti, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na wawili wakaacha kuja mkutanoni. Mwishowe ilionekana kwamba ndani ya tanki mlikuwa mchanga na vipande vya mpira wa kifuniko cha bidoni. Uchafu ule uliziba kabureta ya kwanza, ukaziba na ya pili. Mama yule hakuiba hata franki moja. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kikundi anayejua kuuliza: esansi inamwagika kwa sababu gani?

Kwa hiyo tujifunze kuuliza. Hatutaki kila mama awe fundi. Tunataka kila kikundi kiwe na wawili au watatu wanaoelewa.

Tujue kwanza kama mashini yetu ina kabureta

Mashini ya mazuti, kama zile kubwa nyingi za kusaga muhogo na mahindi, haina kabureta. Pikipiki na gari mpya zenye injeksio hazina pia. Kabureta iko kwenye jenereta ndogo za esansi, pampu ndogo, pikipiki nyingi za kawaida tunazopanda kila siku, na gari za zamani za esansi, kama Land Rover za zamani.

Kazi yake ni kuchanganya esansi na hewa. Esansi peke yake ndani ya injini haiungui vizuri. Kilo 1 ya esansi inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Esansi ikizidi, moshi unakuwa mweusi, buji inalowa na injini inakataa kuwaka. Hewa ikizidi, injini inakohoa na kuzimika.

Bakuli, boya na sindano

Chini ya kabureta kuna bakuli ndogo ya chuma. Esansi inatoka kwenye tanki, inapita robine, inaingia ndani ya bakuli. Ndani ya bakuli kuna boya, mafundi wanasema floteri. Boya linaelea juu ya esansi kama kipande cha ndizi kinavyoelea mtoni. Juu ya boya kuna sindano fupi yenye ncha. Esansi ikipanda, boya linapanda nalo, linasukuma sindano kwenye kitundu cha kuingilia, na njia inafungwa. Injini ikitumia esansi, boya linashuka, sindano inaachia, esansi nyingine inaingia. Kile kitundu ambacho sindano inakaa juu yake tukiite kiti.

Aliyeona tanki la maji lenye mpira unaoelea ndani anajua tayari jambo hili. Maji yakifika juu, mpira unafunga bomba. Mpira ukitoboka au takataka ikikwama pale panapofungwa, maji yanamwagika usiku kucha. Kabureta ni vilevile. Inapofurika, karibu kila mara ni moja kati ya haya: uchafu umekaa kati ya sindano na kiti, ncha ya sindano imelika, boya limetoboka na kuingia esansi, boya limekwama au limepinda, au mashini yenyewe imewekwa upande.

Mafundi wengine hawasemi hivi. Sindano na boya ni vipande vidogo tu vya kabureta, na mara nyingi vinapatikana peke yao sokoni. Kuambiwa «kabureta yote imekufa» kabla ya kufungua bakuli ni sawa na kuambiwa mtoto akatwe mguu kabla ya kutazama kama ana mwiba.

Kabla ya kugusa chochote: moto na watoto

Hapa, wamama, tusome polepole.

Mvuke wa esansi unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Baridi ya Masisi asubuhi haitulindi kitu. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, unatambaa chini kama ukungu bondeni, unaingia chini ya mlango mpaka kwenye makala ya jiko. Kwa hiyo jenereta inayotoa esansi haikai jikoni, wala karibu na makala, mshumaa, sigara au taa ya petroli. Ukisikia harufu, funga robine, toa watoto, fungua milango, zima moto wa karibu. Esansi ikishika moto, usimwagie maji, kwani esansi inaelea juu ya maji na moto unasambaa. Tumia mchanga au udongo mkavu, na uweke ndoo yake karibu kila siku.

Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala na hawaamki. Ijengewe kibanda cha pembeni kilicho wazi.

Jambo la tatu ni chupa. Esansi ya kadafi wa barabarani inauzwa ndani ya chupa za maji na za Fanta. Mtoto hajui. Mtoto akinywa esansi au petroli ya taa, usimlazimishe kutapika, maana ikirudi juu inaweza kuingia kwenye mapafu na huko ndiko inakoua. Mpeleke kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, sisi wakubwa tuache kuvuta esansi kwa mdomo kwa kutumia mpira.

Kutazama kwa mpangilio

Mafundi wazuri hawaanzi na bisibisi. Wanaanza na macho na pua, na kutoka kwenye jambo rahisi wanaenda kwenye gumu. Tufuate mpangilio huo, injini ikiwa imepoa.

*Moja: mashini imekaa sawa?* Vilima vyetu ni vikali. Jenereta ikiwekwa kwenye mteremko, boya linakaa upande na haliwezi kufunga vizuri. Pikipiki iliyolala chini au iliyosafirishwa ikiwa imelazwa juu ya lori inamwaga pia. Isimamishe sawasawa, ungojea kidogo. Tone likikoma, ugonjwa umepona bila franki moja.

*Mbili: funga robine.* Kama esansi inaendelea kudondoka hata robine ikiwa imefungwa na bakuli limeshamwaga yake, basi tatizo ni robine au mpira wa esansi, si kabureta. Kama inakoma ukifunga na inarudi ukifungua, basi ni bakuli linalofurika. Kwenye pikipiki nyingi kuna kampira kembamba kanachoshuka kutoka kwenye bakuli. Esansi ikitoka humo, ni bakuli linalolia.

*Tatu: je, ni mkono wetu?* Mara nyingine kabureta ni nzima kabisa na sisi ndio tumejaza injini. Tumevuta starteri asubuhi, tukavuta kamba mara kumi na tano bila kuirudisha. Esansi imeingia nyingi, buji imelowa. Hapo funga robine, rudisha starteri, pumzika dakika kumi au kumi na tano. Kisha jaribu tena, starteri ikiwa imerudishwa na mkono wa moto umefunguliwa. Ikikataa, fungua buji, ikaushe kwa kitambaa safi, vuta kamba polepole mara chache buji ikiwa nje ili esansi itoke. Lakini kwanza zima swichi, na uweke waya wa buji mbali na kile kitundu. Cheche moja juu ya mvuke ule inatosha kuunguza uso.

*Nne: pima oili.* Watu wengi hurukaruka hatua hii, na ndiyo inayoua injini. Esansi ikifurika usiku kucha inaweza kushuka ndani ya silinda mpaka kwenye oili. Vuta kipimo cha oili. Kama oili imepanda kuliko kawaida, imekuwa nyepesi na inanuka esansi, usiwashe. Oili hiyo haishiki tena, na chuma kitasugua chuma. Imwage, weka mpya, lakini baada ya kutengeneza kabureta, si kabla. Na kama kamba inakataa kuvutika kabisa, usiite vijana wenye nguvu. Inawezekana silinda imejaa esansi, na esansi haikandamiziki. Kinachovunjika ni chuma. Fungua buji kwanza. (Zile jenereta ndogo za kuchanganya oili ndani ya esansi hazina oili ya chini ya kupima.)

*Tano: piga polepole.* Robine ikiwa wazi, gonga kando ya bakuli kwa mpini wa mbao wa bisibisi, mara tatu nne, kwa upole. Sindano iliyokwama inaweza kuachia, punje ya mchanga inaweza kuondoka. Kama tone linakoma, mmepata jibu: ni uchafu au sindano inayokwama. Lakini msifurahi sana, maana itarudi. Inabidi kusafisha.

*Sita: mwaga bakuli ndani ya chupa ya kioo.* Chini ya bakuli kuna skuru ya kumwagia. Pokea esansi ndani ya kioo safi, uiache itulie, uitazame kwenye mwanga wa jua. Maji yanakaa chini, esansi juu, na mpaka wao unaonekana wazi. Mchanga utaonekana. Kutu itaonekana. Chupa hii ni ushahidi wa kikundi, mionyeshe wote. Kama ni chafu, tanki nalo lisafishwe, la sivyo mtarudia kazi ileile kama wale wa kabureta mbili.

Kufungua bakuli

Hapa fundi awepo, au mama ambaye ameshaonyeshwa. Funga robine, tandika kitambaa cheupe chini ili kipande kidogo kisipotee. Fungua bakuli. Vuta kale kapini kanakoshika boya, toa boya pamoja na sindano.

Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia maji maji ndani, limetoboka. Kama huna hakika, likaushe na ulizamishe ndani ya kikombe cha maji ya vuguvugu, mbali na jiko. Povu dogo likitoka sehemu moja, hapo ndipo tundu lilipo. Boya lenye esansi ndani ni zito, halipandi, na sindano haifungi kamwe.

Tazama ncha ya sindano. Inatakiwa kuwa laini kama ncha ya kalamu mpya. Ukiona mstari wa mviringo umechimbika, kama alama ya pete kwenye kidole, sindano imelika. Ibadilishwe. Kisha tazama kiti. Kisafishwe kwa pamba au kitambaa laini kilicholowa esansi. Msichokonoe kwa sindano ya kushonea wala waya wa chuma. Kiti na vile vitundu vidogo vya kupimia esansi, jikleri, vimetobolewa kwa kipimo cha ajabu. Mkwaruzo mdogo unatosha kuviharibu, na hapo ndipo kabureta inakufa kweli.

Baada ya kurudisha sindano na boya, kuna jaribio moja zuri ambalo halihitaji pesa. Kabureta ikiwa imetolewa, imekaushwa na kugeuzwa kichwa chini, uzito wa boya unabonyeza sindano kwenye kiti. Pulizia kwa kampira kasafi kwenye kitundu cha kuingilia esansi. Kupuliza tu, si kuvuta. Hewa isipite. Kisha inua boya kwa kidole na upulize tena. Hewa ipite. Kama hewa inapita hata boya likiwa limekaa, sindano au kiti bado kibaya. Katika mashini nyingi ndogo, boya katika hali hiyo linakaa sambamba na uso wa kabureta. Kama limeinama sana na lina ulimi wa chuma, fundi anaweza kuupinda kidogo sana. Boya la plastiki lisilo na ulimi halipindwi, linabadilishwa.

Masisi si Walikale

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa mjini hawalifikirii, na sisi wa huku tunaliona. Mashini iliyokuwa ikifanya kazi vizuri Walikale-centre au Mubi ikipandishwa milima ya Masisi inaanza kutoa moshi mweusi, inakula esansi, buji inakuwa nyeusi na yenye unyevu. Watu wanasema kabureta inafurika. Wanabadilisha sindano, hakuna kinachobadilika.

Sababu ni hewa. Walikale-centre iko chini ya mita 1000. Milima ya Masisi inapita mita 2000. Kwenye mita 2000 hewa imepungua, inabaki karibu sehemu nne kati ya tano za ile ya pwani ya bahari. Kabureta inaendelea kutoa esansi ileile, lakini hewa ya kuiunguza imepungua. Esansi imezidi bila bakuli kumwaga hata tone. Vitabu vya injini ndogo za Honda vinasema hivyo wazi: kwa wanaotumia mashini muda wote juu ya mita 1500, kabureta itengenezwe kwa ajili ya milima. Hata ikitengenezwa, nguvu ya injini inapungua karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda. Dawa ni fundi kuweka jikleri ndogo zaidi. Na jenereta hiyo ikirudishwa Walikale, jikleri ya kwanza irudishwe, kwa sababu esansi ikiwa kidogo mno injini inapata moto kupita kiasi. Kwa hiyo ile iliyotolewa ifungwe ndani ya kikaratasi na iwekwe ndani ya sanduku la kikundi.

Filtri ya hewa inaleta dalili hizohizo. Vumbi la kiangazi, au unga kama jenereta iko karibu na mashini ya kusaga, linaziba filtri, injini inakosa hewa. Filtri ya sponji inaoshwa kwa maji ya sabuni, inakaushwa kabisa, inapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi haioshwi. Inakung'utwa, na ikichoka inabadilishwa.

Kwa wenye gari ya zamani ya esansi, mambo ni yaleyale, bakuli ni kubwa tu. Mawili yanaongezeka. Gari nyingi zina pampu inayosukuma esansi, na pampu ikisukuma kwa nguvu mno inashinda sindano nzima. Na gari iliyopanda kutoka Sake hadi Mushaki, ikizimwa juu kileleni ikiwa na moto mwingi, esansi inaweza kuchemka ndani ya bakuli na kumwagikia injini. Dereva anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, anaongeza ubaya. Afungue kifuniko cha injini, angojee ipoe, kisha akanyage pedali mpaka chini mara moja, aishike hapo akiwasha, mpaka injini ikubali.

Tuongee na fundi namna gani

Mafundi wengi ni watu wa kweli na tunawahitaji. Lakini mtu akiona mbele yake mteja asiyejua kitu, kishawishi kipo. Kikundi kijiwekee kanuni nne. Kazi ifanyike mbele ya wamama wawili. Bakuli lifunguliwe kabla ya bei kusemwa. Kipande cha zamani kirudishwe kwa kikundi, hata kama kimekufa. Na katika daftari kuandikwe tarehe, ugonjwa ulioonekana, kipande kilichobadilishwa na pesa iliyotoka. Daftari hilo linamlinda mweka hazina kuliko maneno mia moja. Wale wamama wawili walioacha kuja mkutanoni wasingeondoka kama daftari na kabureta ya zamani vingekuwa juu ya meza.

Na tusiseme kwamba hii si kazi ya mwanamke. Mwezi wa 8 mwaka 1888, huko Ujerumani, mama mmoja jina lake Bertha Benz alichukua gari ambalo mume wake Karl alikuwa ametengeneza, bila kumwambia mume, akapanda na vijana wake wawili, Richard na Eugen. Alitoka Mannheim akaenda Pforzheim kumtembelea mama yake, safari ya zaidi ya kilometa 100. Hakuna mtu aliyekuwa amesafiri mbali hivyo kwa gari la injini ya esansi. Esansi ilipokaribia kwisha aliinunua kwenye duka la dawa, mahali panapoitwa Wiesloch. Mpira wa esansi ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Watu waliokuwa wakilicheka gari lile wakaanza kuliamini. Fundi wa barabarani wa kwanza alikuwa mama mwenye watoto wawili garini. (Pini yake ilizibua mpira, si jikleri. Kanuni yetu inabaki!)

Kuzuia ni nafuu kuliko kutibu

Esansi mwagia ndani ya tanki kwa kupitisha kwenye kitambaa safi kisichotoa nyuzi au kichujio chembamba, na usimalize chini kabisa ya bidoni, uchafu na maji vinakaa pale. Weka filtri ndogo inayoonekana ndani kati ya robine na kabureta. Kazi ikiisha jioni, usizime kwa swichi. Funga robine, iache injini iunguze esansi iliyobaki ndani ya bakuli mpaka izime yenyewe. Hapo hata sindano ikiwa mbaya, hakuna cha kumwagika usiku. Kama mashini italala miezi, mwaga tanki na bakuli, kwa sababu esansi iliyokaa inageuka kuwa utomvu na kuligandisha boya.

Kazi ya wiki hii kwa kila kikundi: katika mkutano ujao, mashini iletwe katikati, imezimwa na imepoa. Mama mmoja aonyeshe wengine robine iko wapi, mwingine aonyeshe kipimo cha oili, wa tatu aonyeshe bakuli. Wasichana wetu wakubwa wawepo, watazame. Ndoo ya mchanga iwekwe siku hiyohiyo.

Wiki ijayo tutaendelea na buji: rangi yake inasema nini juu ya injini. Mubaki na amani, na mashini zenu ziwake salama.